Unga Niliomsagia Mdogo Wangu

Mkwe wangu amenuna tangu juzi. Alinikuta nimempa mjukuu wangu wa miaka mitano ungo mdogo, tunapepeta mtama mimi na yeye, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope na mtoto mwenyewe anacheka. Akamnyanyua, akampangusa, akaniambia kwa heshima zote, maana ana adabu zake, kwamba siku hizi, bibi, mtoto hafanyishwi kazi, mtoto anacheza. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama hataki mtoto ashike ungo leo, basi siku atakapokuja analia asimlete kwangu. Akaingia ndani, akafunga mlango. Ndiyo maana nimekaa hapa na daftari la shule nililoomba kwa mjukuu mwingine, naandika, kwa sababu nilichotaka kumwambia hakisemeki watu wakiwa wamesimama mlangoni.

Mimi ni mkali, najua. Wanangu walikuwa wakisikia nakohoa huko nje, aliyelala anaamka. Lakini sikuzaliwa hivi. Ukali wangu una mtu wake, na mtu huyo ni mdogo wangu.

Kwetu ni upande wa kusini wa Shinyanga, kaya ya baba iliyozungushiwa ua wa minyaa, zizi katikati, mashamba ya uwele na viazi nyuma. Kiswahili nilikijua ukubwani, nilipoolewa mjini na mwenye duka, nikasilimu, na mume wangu akanifundisha na kusoma. Nyumbani tulisema Kisukuma, na mama yetu tulimwita mayu. Mayu alinizaa mimi, kisha akazaa watoto watatu, na wote watatu aliwazika kabla hawajaacha kunyonya. Wa mwisho wao namkumbuka vizuri. Mayu alikuwa naye mgongoni shambani, jua limekaa utosini, na alipomfungua ampe ziwa alikuta mwili unawaka homa. Siku ya pili hatukuwa naye tena.

Tangu hapo mayu aliamini kwamba jembe ndilo lililomuulia watoto. Aliamini alirudi shambani mapema mno na kila mmoja wao, akawaunguza kwa jua na kuwachosha kwa kuinama kwake. Sikumcheka wakati ule na leo simcheki. Mtu aliyezika watatu lazima atafute pa kuweka lawama, na jembe lilikuwa karibu.

Kisha, enzi Mwingereza na Mjerumani wanapigana, akazaliwa mdogo wangu. Mimi nilikuwa na miaka saba hivi kwa kukadiria. Huyu hakufa. Alitambaa, akasimama, akaanza kutupa maneno. Siku moja mayu alimkalisha juu ya ngozi ya ng'ombe kivulini, akatuambia mimi na baba, kwa sauti ya mtu anayeapa, kwamba huyu jembe halitamgusa, jiwe halitamgusa, kuni hatabeba. Baba alitabasamu tu. Alidhani ni maneno ya furaha, kesho yatapoa.

Hayakupoa. Mayu alikwenda shamba, mimi nikabaki na jiwe.

Nilieleze hilo jiwe, maana ninyi mmezoea mashine. Jiwe kubwa limelazwa kwenye udongo, limeinama kidogo kwa mbele. Unapiga magoti nyuma yake, unashika jiwe dogo kwa mikono miwili, unasukuma na kuvuta, na unga unaanguka mbele kwenye ungo. Ukitazama unaona rahisi. Lakini nguvu inatoka kiunoni, haitoki mabegani. Ukienda unakandamiza, ukirudi unalegeza. Mtu akikandamiza kwenda na kurudi, mawe yanalana yenyewe kwa yenyewe na unga unatoka una mchanga. Inachukua miaka, na inaanza utotoni, mtoto akipewa kijiwe chake achezee pembeni ya mama yake. Kila mwanamke unga wake ulijulikana, na wanawake wenzake waliweza kuusugua kwa vidole wakasema huu wa fulani. Wangu ulikuwa laini kuliko wa mayu. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu sifa yenyewe ndiyo iliyotuponza.

Mdogo wangu alikuwa akikaa karibu nami nikisaga. Alikuwa mtoto mzuri, jamani, na wa kuchekesha. Aliniiga ninavyohema, aliniimbia nyimbo alizotunga mwenyewe kuhusu kuku na mbuzi, na nikichoka alinifuta jasho kwa kiganja chake kile laini. Msidhani alikuwa mvivu. Watu walimwita mvivu baadaye, na kila nikisikia neno hilo naumia. Alipokuwa na miaka sita hivi aliweka mikono yake juu ya yangu, akaniambia, dada, nifundishe. Nikampisha kidogo. Tulikuwa tunacheka. Mayu akatokea nyuma ya nyumba na kuni kichwani, akazitupa, akamvuta mtoto kwa mkono mmoja na kwa ule mwingine akanipiga kibao, sikio langu likavuma mpaka jioni. Akaniuliza kama nataka kumuulia na huyu.

Hilo kosa la kwanza lilikuwa la mayu. La pili lilikuwa langu.

Miaka minne ilipita. Siku hiyo mayu na baba walikuwa wamekwenda msibani, hakuna wa kunipiga. Mimi nilikuwa msichana mkubwa. Wenzangu wa rika langu walikuwa wanachumbiwa, na wawili walikuwa wameshakuja kwa ajili yangu, mayu akawatoa kasoro, mmoja ukoo wake, mwingine ng'ombe wake wamekonda. Nilijua sababu. Nikiondoka nani atasaga? Basi mdogo wangu akaja akapiga magoti kando yangu, kaoga, kapakwa samli, akaniambia tena, dada, leo mayu hayupo, nifundishe. Nikamtazama ile mikono. Hasira ilinipanda ambayo mpaka leo naionea aibu. Nikamwambia, "Nenda kakae kivulini, mtoto wa mayu." Akadhani natania, akabaki. Nikamsukuma kwa bega. Akainuka, akaenda.

Hakuniomba tena, na mimi sikumwita. Niseme tu ukweli wenyewe: nilitaka abaki vile vile. Nilitaka siku moja aje aone.

Ikafika miaka ile ya kufyeka vichaka. Mbung'o walikuwa wameingia mpaka kwenye malisho, ng'ombe wanakonda na kufa wamesimama, na mtemi akatoa amri watu wa pande zote watoke na mashoka wakate pori. Walikuja mamia kwa mamia, siku nyingi mfululizo, na sisi wanawake tulipika. Kila kaya ilileta unga wake na nyungu zake. Ugali wetu mayu aliusonga kwa unga wangu, akaupeleka chini ya kivuli walikokaa wageni wa upande wa Songwa. Kulikuwa na mama mmoja mrefu, mkavu, mwenye macho ya kukagua. Alikula tonge moja, akaacha kutafuna. Akauliza kama unga huu umebaki. Tukamletea. Akauchota kidogo, akausugua kwa vidole, akaulamba, akamuuliza mayu nani kausaga, kwa sababu ana kijana wa kiume na amekuwa akitafuta mkono kama huu.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ungo. Unga ulikuwa bado umenishika kwenye viwiko.

Mayu hakusita. Alisema, "Ni huyu wangu mdogo," akamshika mdogo wangu mabegani akamsogeza mbele.

Yule mama alimtazama, akaona sura. Nani asingeona? Miaka kumi na mitano, meno meupe, shingo yenye mikunjo. Angetazama viganja, yote haya yasingekuwa. Mdogo wangu aligeuka akanitazama mimi. Sijui alitaka niseme au ninyamaze. Nilinyamaza. Nimejiambia maisha yangu yote kwamba nilinyamaza kwa sababu mtoto hamkatalii mama yake mbele ya wageni, na hiyo ni kweli, adabu yetu ndiyo hiyo. Lakini ndani yangu palikuwa na kitu kingine kinasema, haya, nendeni mkaone.

Njiani baba aligomba, jambo ambalo hakulizoea. Alisema mdogo hatangulii mkubwa, na alisema watu wale wamedanganywa. Mayu akajibu kwamba kaya ile ina ng'ombe wengi na wanawake wengi, mtoto hatakosa wa kumsaidia, na kama ni kusaga atajifunza huko huko. Baba akamwambia, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Mayu akasema ameshalia, amemaliza.

Ng'ombe walikuja, sherehe ikafanyika, sitaieleza. Nitaeleza mchana wa mwisho tu. Mdogo wangu alinifuata jikoni, akafunga mlango wa miti, akapiga magoti mbele ya jiwe. Hakusema nifundishe. Alilishika tu jiwe dogo akaningoja. Nikalia. Nikamfundisha mchana mzima, nimekaa nyuma yake, mikono yangu juu ya yake, nikimwambia kwenda kandamiza, kurudi legeza. Alikuwa mwepesi kuelewa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mpaka jua linaelekea kuzama viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka. Nikampaka samli. Kesho yake akaenda kwa mumewe na mikono ile.

Wanawake wa kule walipompokea, mama mkwe wake alimshika mikono ili ampake mafuta ya kumkaribisha. Mdogo wangu alinisimulia. Anasema yule mama aliigeuza viganja juu, akaitazama kwa muda mrefu, akaifumba tena taratibu. Mwenye kusaga ana sugu. Malengelenge ni ya mgeni wa kazi. Alijua siku ile ile.

Wala hakumrudisha. Watu wetu walimsema yule mama kwamba ni mchawi, ni simba jike, na mimi niliwaacha waseme. Lakini sikuona tendo lake baya hata moja. Alimweka mdogo wangu karibu naye akamfundisha jiwe, akamfundisha palizi, kama mtu anavyomfundisha binti wa miaka mitano, bila kumwambia mtu. Mume naye alikuwa mpole, alimpenda mke wake kwa zile nyimbo zake. Mwaka wa pili wakapata mtoto wa kike. Kisha nzige wakashuka. Walikula uwele, wakala majani ya viazi, wakaacha nchi imenyolewa. Kodi haikungoja, na vijana walikuwa wakisema kuna dhahabu huko Geita, Wazungu wanaandika watu wa kuchimba. Mume akafunga blanketi lake akaenda na wenzake. Mdogo wangu akabaki na mtoto na mama mkwe.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na wema wangu.

Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekonda, mikono imepasuka, na unga wake bado una chenga. Roho iliniuma. Nikasema nitalipa nilichofanya. Basi kila mwezi ulipoandama nilisaga kapu zima, nikaondoka alfajiri, nikafika jua likiwa limepanda sana, nikamkuta kisimani kama tulivyoagana, nikammiminia unga wangu kwenye kapu lake, na yeye akaingia nao nyumbani kama wake. Tulikaa pale kisimani kidogo, nikambeba mtoto, tukacheka. Hizo ndizo siku nzuri tulizokuwa nazo mimi na yeye tukiwa watu wazima. Nilidhani namwokoa. Sikujua kwamba alikuwa ameanza kuzoea jiwe, na kwamba unga wangu ulipokuja aliliacha.

Mwezi mmoja nilifika kisimani nikamkuta mama mkwe wake, amekaa juu ya jiwe, miguu ameinyoosha, peke yake. Nilimwamkia kwa kupiga magoti, akaitikia. Akaniambia nitue kapu. Akachota unga, akausugua kwa vidole vile vile kama siku ya vichaka.

"Huu ndio nilioufuata kwenu," akasema. "Ulikuwa wako."

Nikasema ndiyo, mama.

"Mdogo wako hana kosa. Nimeshaona ni mtu wa kujifunza, alikuwa amefika pazuri. Wewe ndiye unayemharibia. Ukitaka kuja kumsalimu njoo, lakini njoo mikono mitupu."

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza siku ile, na nilikuwa tayari kumwambia. Aliniacha nimepiga magoti pale. Kapu nililirudisha nyumbani lote, sikuweza hata kuula ule unga.

Nikatii. Nikatii kupita kiasi: sikwenda tena hata kwa mikono mitupu, kwa aibu. Na msimu huo huo mama mkwe akaanguka na miguu ikamvimba, hawezi kusimama. Mvua zilikuwa nzuri. Uwele uliota, na magugu yakaota pamoja nao, na katika kaya ile mwenye kushika jembe alikuwa mdogo wangu peke yake, kwa sababu wake wa mashemeji walikuwa na mashamba yao. Alilima. Walioona walinieleza kwamba alikuwa akilima analia, anakwenda mstari mmoja wakati jirani amekwenda minne, anaacha anakwenda kumtazama mgonjwa, anarudi anasaga, unga hautoshi, anaanza upya. Mtu aliyelima tangu mtoto mwili wake unajua lini upumzike na lini usipumzike. Wake haukujua kitu. Magugu yakaumeza uwele. Wakati wa mavuno mashamba ya majirani yalikuwa yamesimama mekundu kwa mashuke, na lao likawa nyasi.

Mume akarudi kutoka Geita na kaniki mbili na blanketi jipya, akamkuta mama yake anakula michembe, viazi vilivyokaushwa, ya kupewa na watu, na mtoto wake amevimba tumbo. Sijui mngetaka afanye nini. Wazee walikaa. Hawakumtukana. Walisema mke amerudishwa kwao kwa kushindwa kazi, na mtoto, kwa kuwa ng'ombe walitolewa, ni wa upande wa baba yake. Ng'ombe wale waliwachukua, wakaacha mmoja tu kwetu kwa ajili ya mtoto, kama ilivyo desturi. Mtoto alikuwa ana miaka mitatu, ameacha kunyonya, anasema maneno yote.

Shemeji yake ndiye aliyemleta. Niliwaona wanaingia kwenye uwazi wa minyaa, nikatafuta mtoto mgongoni, nikatafuta pembeni yake, kisha nikaelewa. Mayu alitoka mbio, akamkumbatia, akamkalisha, akamwambia maneno yale yale ya siku zote, pumzika mwanangu, usijali, nitakusagia mimi, dada yako yupo. Mdogo wangu alikuwa anamtazama zizini yule ng'ombe mwekundu aliyeachwa kwa ajili ya mtoto.

Alfajiri ya pili nilisikia jiwe. Nilidhani ni mayu. Nikamkuta mdogo wangu kapiga magoti, anasaga. Mayu naye akaja, akamshika mkono amwinue, kama siku ile ya kuni. Mdogo wangu hakuinuka. Alisema, bila kugeuka, "Mayu, niache. Mikono hii wewe ndiye uliyeifanya hivi, na mwanangu amebaki kule kwa ajili ya mikono hii." Katika kaya yetu hakuna aliyewahi kusema na mayu hivyo. Mayu aliachia mkono. Akakaa chini kwenye vumbi la unga, mtu mzima, na nadhani uzee wake ulianza hapo alipokaa. Sikumwinua. Tulikuwa watatu jikoni na kila mmoja alijua yake.

Alisaga karibu miaka miwili. Alisaga wa kwetu, akasaga wa majirani bila kudai chochote. Alilima, akabeba kuni mpaka shingo ikaota nundu ya mzigo. Malengelenge yakapasuka, yakakauka, yakawa sugu. Hakuimba tena. Mimi nilikuwa nikikaa karibu naye kama alivyokuwa akikaa kwangu, nisijue la kumwimbia. Siku moja akanipa unga nisugue. Nikausugua. Ulikuwa kama wangu. Hapana, wacha niwe mkweli, ulikuwa umepita wangu. Akaniambia, basi, twende.

Akajaza kapu. Tukatoka alfajiri, mimi na yeye, na njia nzima hakunipa kapu nimpokee. Alikuwa amepanga maneno yote atakayosema: ataomba arudi, hata kama mke wa pili, hata kama mfanyakazi wa mama mkwe, ilimradi alale nyumba moja na mtoto. Alinisimulia maneno hayo mara tatu, nikawa namsahihisha.

Mume hakuwapo. Alikuwa amerudi Geita, na kabla ya kurudi alikuwa ameoa. Mke mwenyewe alitupokea vizuri, akatupa maji, mwanamke kijana mwenye mikono mikubwa na tumbo la miezi mingi. Mama mkwe aliletwa nje akiegemea fimbo. Mdogo wangu akapiga magoti, akaweka kapu mbele yake, na yale maneno yote aliyoyapanga hakuyasema hata moja. Yule mama akachota unga, akausugua. Aliusugua kwa muda. Nikaona machozi yanamtoka, mtu yule mkavu, yanashuka bila sauti.

"Sasa ni unga," akasema. "Lakini umechelewa, mwanangu. Nafasi yako ina mtu, na mtu huyo hajakosa."

Mdogo wangu akasema wabeja, yaani asante. Kisha akaomba amwone mtoto.

Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amefikia miaka mitano, kichwa kimenyolewa, amejifunga kipande cha kaniki. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kijiwe kidogo walichomlazia kwenye udongo, pembeni ya lile jiwe kubwa, anasaga mtama wa konzi moja, ulimi umemtoka pembeni kwa bidii. Alituamkia kama walivyomfundisha kuwaamkia wageni, akaendelea na kazi. Hakutujua. Mama mkwe alinitazama mimi, na nikaelewa kwamba hajamwambia, na kwamba ametuachia sisi tuamue.

Mdogo wangu akaenda akapiga magoti kando ya mtoto. Nilidhani atamkumbatia, nilidhani atasema. Alimwambia, "Nifundishe."

Mtoto akamtazama kwa mashaka, mtu mzima hajui kusaga? Lakini akampisha. Mdogo wangu akashika kile kijiwe kwa kukosea, makusudi kabisa, vidole vimekaa ovyo, akasukuma kwa mabega. Mtoto akacheka, akasema, "Siyo hivyo, mgeni." Akaweka viganja vyake viwili juu ya mikono ya mama yake. Viganja vile vilikuwa tayari vimeanza kuwa vigumu, niliviona. Akamwonyesha. Akamwambia kwenda unakandamiza, kurudi unalegeza, usikandamize kurudi, utatia mchanga. Mdogo wangu akakosea tena. Mtoto akamrekebisha tena, kwa subira, kama alivyorekebishwa yeye na bibi yake. Sijui walikaa hivyo muda gani. Kivuli cha nyumba kilikuwa miguuni mwangu, na nilipotazama tena kilikuwa kimefika kwenye mapaja yao. Mwishowe mdogo wangu akasaga vizuri, mara tatu nne, na mtoto akapiga makofi, akasema sasa umejua.

Mdogo wangu akasema ndiyo, sasa amejua. Akainuka, akaaga.

Unga tuliuacha kule, tukarudi na kapu tupu. Tulifika kwenye yale mashina ya vichaka vilivyofyekwa, mahali ambapo siku ile nilisimama na ungo. Alikuwa ametangulia hatua chache. Akasimama lakini hakugeuka.

"Siku ile walipokuwa msibani mayu na baba," akasema, "ungenifundisha tu, dada."

Hakusema kwa hasira. Ningemwambia kuhusu wivu wangu, ningemwambia kuhusu pale pale tulipokuwa tumesimama, ningemwomba radhi. Nilichoweza ni kunyoosha mkono nikamwomba anipe kapu nimbebee, maana alionekana amechoka. Akakataa. Akasema atalibeba mwenyewe.